Jumamosi ya Kutaja Jiwe Lako

Siku yangu ya kwanza kwenye machimbo ya mawe ya Ruiru niliharibu jiwe zuri kabla hata ya chai. Nilikuwa nimetoka Maragoli, nimeacha shule darasa la nne, na kilichonileta ni hamu ya kujua nyumba kubwa za Nairobi zinachimbuliwa kwenye shimo gani. Mwangi, mchongaji aliyepewa kazi ya kunifundisha, alikitazama kile kipande, kisha akanitazama mimi.

"Mluhya, hapo ulikuwa unachonga jiwe ama unakata ugali?"

Watu wakacheka. Yeye akaniinamisha kando ya jiwe jingine, akaligonga. "Sikiza. Likilia kama kengele, ni zima. Likikohoa, lina ufa."

Wakati huo mwamba ulipasuliwa kwa kabari, vyuma vifupi vilivyopigwa kwenye mstari wa matundu mpaka mwamba ukubali. Kisha mchongaji alinyoosha nyuso za jiwe kwa tindo na nyundo. Mabaki yalipelekwa kwa wapasua kokoto, waliokaa chini kutwa wakivunja vipande vya kuchanganya na saruji. Huko ndiko mtu alikoteremshwa macho yake yalipodhoofika.

Mkubwa wetu tulimwita Bwana Fundi, Kalasinga ambaye ndevu zake hazikuwahi kukosa vumbi. Alikuwa na desturi ambayo sikuikuta kwingine kokote. Kila Jumamosi mchana, kabla hatujatawanyika, tulisimama duara, na kila mtu alitoka mbele akataja jiwe moja alilolichonga vizuri wiki hiyo. Zamu yangu ilipofika mara ya kwanza, nilisema sina.

"Hapana sema hapana," Bwana Fundi akanikatiza. "Mungu nalisha wewe wiki mzima bure? Tafuta!"

Nikataja jiwe dogo la dirisha ambalo uso mmoja tu ulikuwa umenyooka.

"Basi. Uso moja iko mzuri. Wiki ingine leta mbili."

Niliona ni mchezo wa wazee. Lakini Jumatatu niliamka nikiutaka huo uso wa pili. Mtu wa kutangatanga hana shamba wala cheti cha kujitazamia. Mimi nilipata pa kujitazamia siku hiyo. Mwangi naye hakuhitaji kubembelezwa. "Nyinyi malizeni haraka," alikuwa akisema, "mimi ninayo mengi."

Kisha Hali ya Hatari ikaja, serikali ya mkoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni na waliowala kiapo. Asubuhi moja malori ya askari yalisimama juu ya machimbo, Wakikuyu wote wakaambiwa wapande. Mwangi aliacha nyundo yake juu ya jiwe alilokuwa hajalimaliza. Hakuna aliyethubutu kulimalizia.

Sikukaa tena. Nilienda Thika kwenye shamba la mkonge, nikajifunza kuanika nyuzi kwenye waya zikauke. Nikachoka, nikahamia kiwanda cha kahawa, kuosha buni iliyomenywa mpaka utelezi wake uishe. Popote nilipokuwa, Jumamosi nilijitenga kidogo, nikajitajia kitu kimoja nilichokifanya vizuri. Baadaye nikasikia Bwana Fundi anajenga ghala Thika, nikarudi kwake.

Mwangi alitukuta hapo alipoachiliwa kutoka kizuizini. Alikuwa amekonda, lakini mkono wake haukuwa umesahau kitu. Wiki ile ile alichonga mawe ambayo sisi wengine tuliyazunguka kuyatazama. Jumamosi ikafika, nami nilikuwa na furaha ya kumsikia.

Akatoka mbele. Akavua kofia. Akachuchumaa, akaweka mikono kichwani.

"Naomba radhi," akaanza, macho yakiwa chini. "Nilikula kiapo. Nilipeleka chakula msituni. Mimi ni mtu mbaya..."

"Mwangi," Bwana Fundi akasema polepole. "Jiwe. Taja jiwe tu."

"Mimi ni mtu mbaya, bwana."

Hakuna aliyecheka. Bwana Fundi alimwinua kwa mikono yake mwenyewe, akageuka kando kupangusa uso. Jumamosi iliyofuata alimwambia Mwangi asitoke mbele, tutamtajia sisi. Tukamtajia. Alitetemeka mpaka tukanyamaza. Jumatatu akaomba apelekwe kwenye kokoto.

Nilimfuata huko. "Niambie mimi peke yangu, ndugu yangu. Jiwe moja tu."

Aliendelea kugonga. "Kule walitusimamisha kila siku tuseme ubaya wetu. Nilisema mpaka nikaamini. Sasa nikitafuta kizuri, mkono unarudi mtupu."

"Mimi nilikiona."

"Wewe ulikiona. Mimi sikioni."

Alibaki kwenye kokoto mpaka kifua kikamshinda. Mimi nilizunguka kazi nyingi baada ya hapo, na sasa nimestaafu, miguu yangu inanilazimisha kukaa mahali pamoja. Ninyi mnaoanza kazi, jitajieni mambo yenu mema mapema na mara kwa mara, hata yakiwa uso mmoja wa jiwe dogo. Kuna watu wanaojua kuyatoa ndani ya mtu, na wakishayatoa, marafiki wote hawawezi kuyarudisha.

Mwangi alipozikwa, mhubiri alisema marehemu alikuwa mpasua kokoto. Nilimuuliza mjane wake, Mama Wairimu, kwa nini alitajwa hivyo.

"Ndivyo alivyotuambia," akanijibu. "Kuna kingine?"

Wiki hiyo nilimpeleka kwenye zahanati moja Ruiru. Mwangi alikuwa amechonga mawe ya ukuta wake wa mbele kabla ya kuchukuliwa. Nilimwonyesha alama za tindo zilizolalia kulia, kwa sababu mumewe alishika nyundo kwa mkono wa kushoto. Aliyapapasa mawe moja baada ya jingine mpaka akafika kwenye mlango.

"Watoto wote nimewaleta hapa kuchanjwa," akasema. "Alikuwa akitusindikiza mpaka kule barabarani. Nikimwambia aingie kivulini atungoje, anasema hapa ni mahali pa watu wazuri."