Hita ya Mzungu Katika Gari la Tata

Juzi nilikuwa Bukoba, nimekaa kwenye benchi la gereji karibu na soko, nikimsubiri mjukuu wangu. Fundi mmoja akafungua rejeta iliyokuwa bado ya moto, mvuke ukanijia usoni. Wewe, harufu ile! Maji ya moto yenye kutu, na mpira uliopata joto. Nikajikuta nacheka peke yangu, mpaka fundi akaniuliza kama niko salama. Nikamjibu niko salama sana. Sikumwambia kwamba nimesharudi uani kwetu Muleba, enzi za Mwingereza, nina miaka tisa, na mkononi nina jani la mgomba lililojaa skrubu. Ngoja nikusimulie wewe, kwa kuwa una muda.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, Mlutheri wa kunyoosha suruali kwa pasi ya mkaa hata siku ya kupalilia. Kijijini kwetu gari lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa lake. Usidhani alikuwa tajiri, wala mtu wa maringo. Mwaka uliotangulia Mama alishikwa na uchungu katikati ya masika, wanaume wa jirani wakambeba kwa machela hadi hospitali ya misheni, wakipokezana mabegani, matope na vilima. Walifika, lakini walikuwa wamechelewa. Mtoto tulimzika kwenye kibanja chetu, shamba la nyumbani, chini ya migomba, hata jina hakuwa nalo. Tangu siku hiyo Tata hakuweza kuitazama machela. Aliuza kahawa yote, akauza na ng'ombe, akanunua gari kuukuu la bwana shamba Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kisha akatamka mbele ya majirani kwamba mke wake hatabebwa tena mabegani mwa watu. Majirani waliguna tu. Yale maneno yaliwauma, maana mabega yenyewe yalikuwa yao.

Gari lilikuwa zuri, lakini lilikuwa na ugonjwa. Lilivuja ndani. Maji ya moto yalidondoka chini ya dashibodi, upande wa abiria, na Jumapili moja tukienda kanisani yalimuunguza mguu bibi, mama yake Tata. Alipiga "Mawe!" moja, yaani mama wee kwa Kihaya, Tata akashtuka akaingiza gari migombani. Maji yakishapungua, injini ilichemka, na kila kilima tulishuka sote tukasubiri ipoe. Wakati huo Mama alikuwa mjamzito tena, miezi sita. Kila nilipoona mvuke mweupe ukitoka kwenye injini nilimtazama tumbo, nikaogopa.

Bwana shamba alikuwa amemwachia Tata kitabu cha gari, cha Kiingereza, na Tata alikuwa mtu wa kuamini kitabu. Alikisoma siku tatu, kidole kwenye mstari, midomo inacheza. Kitabu kilisema ugonjwa uko kwenye hita, kisanduku cha mirija ya shaba kinachopitishiwa maji ya moto kutoka kwenye injini. Kilisema ikivuja, ibadilishe. Basi. Fundi wa kweli alikuwa Bukoba, na gari lisingefika huko likiwa hivyo. Tata akaamua kuibadilisha mwenyewe, hapo hapo uani.

Jumamosi akavua shati la ualimu, akalala chali ndani ya gari, miguu nje ya mlango. Kazi yangu ilikuwa kupokea skrubu na kuzipanga kwenye jani la mgomba kwa jinsi zilivyotoka, ya kwanza mwanzoni, ya mwisho mwishoni. Jikoni Mama na bibi walikuwa wanamenya ndizi, maharage yanachemka, na samaki wakavu wa kisiwa cha Goziba wananukia mpaka kwa jirani wa tatu. Spana ilipoteleza ikamkwaruza, Tata alitaja manabii mmoja baada ya mwingine, maana Mlutheri hatukani. Kufikia mchana alikuwa amefika kwa Habakuki, na hita ilikuwa imetoka.

Aliipeleka kwa mhunzi, jirani yetu aliyefua majembe, mmoja wa wale waliombeba Mama. Mhunzi aliziba tundu kwa risasi ya kuyeyusha, lakini moto wake ukafungua mengine matatu. "Mwalimu," alisema, "hiki ni chembamba mno kwa mkono wangu." Tata akaagiza nyingine kupitia duka la Bukoba. Tulingoja wiki na wiki. Ilipokuja kwa meli, mirija yake ilitokea kushoto, na yetu ilitokea kulia. Tata alikaa kwenye ngazi akaipakata ile hita kama mtoto, na hapo ndipo nilipomwona baba yangu ameogopa kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa ameshaanza kutembea kwa kushika ukuta.

Uchungu ulianza asubuhi, mvua imekatika kidogo. Gari lilikuwa uani, boneti wazi, mipira miwili ya maji inaning'inia. Bibi alipiga ukelele mmoja, na kibanja kwa kibanja habari ikaenda. Hata chai ilikuwa haijachemka, wanaume sita tayari walikuwa wamesimama kando ya mibuni yetu na machela, mhunzi mbele.

"Mwalimu, tumbebe?" mhunzi aliuliza, anatazama chini.

Tata alizidi kukaza spana. Alikuwa ndani ya gari anailazimisha ile hita mpya iingie pasipoingia, vidole vinatoka damu. Ndani ya nyumba Mama aliugua kwa maumivu, nami nikalishika jani la skrubu kwa mikono miwili. Bibi akatoka, akainama mlangoni pa gari.

"Mwanangu, hicho kitu kina kazi gani?"

"Kinaleta joto ndani ya gari, Mama."

"Kinampasha nani?"

"Watu. Miguu yao. Ulaya kuna baridi."

Bibi alitazama mguu wake ulioungua. "Na injini? Bila hicho itakufa?"

Tata alifungua kitabu, akakifunga. Aliitazama ile mipira miwili, mmoja wa kupeleka maji kwenye hita, mwingine wa kuyarudisha. Akaifuata njia ya maji kwa kidole chenye damu, toka mpira mmoja hadi mwingine.

"Hapana," alisema. "Injini haikihitaji."

"Sasa unahangaika kukirudisha cha nini, waitu, mwanetu?"

Aliyecheka kwanza ni Mama. Ndiyo, Mama mwenyewe, kwenye uchungu, ameegemea mlango wa nyumba! Halafu mhunzi, halafu wote. Miezi mitatu mwalimu mzima anahangaikia dawa ya baridi, na sisi tunaanika kahawa juani! Kitabu kiliandikiwa watu wa theluji, na hakuna aliyemwambia.

Tata aliitupa hita kwenye majani. Mpira mmoja akaung'oa kabisa. Wa pili akaukunja, akauchomeka kwenye injini pale palipotoka mwenzake, ili maji yanayotoka yarudi papo hapo. Mhunzi akaufunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, akikaza kwa mikono na meno. Tukajaza maji, injini ikawashwa, nami nikalala kifudifudi kwenye tope kuchungulia. Halikudondoka hata tone.

"Halivuji!" nikapiga kelele. "Tata, halivuji!"

Tuliondoka, Mama na bibi nyuma, mimi mbele na debe la maji miguuni, tayari kwa kilima cha kwanza. Tukakipanda. Tukapanda cha pili. Tata aliendesha huku anasali kwa sauti, na mpaka getini pa hospitali sikulifungua lile debe. Jua lilikuwa limesimama utosini nesi alipotoka kutuambia ni mvulana, mzima, na ana sauti. Mama naye mzima. Tata alikaa kwenye nyasi akalia waziwazi, na mimi nikalia. "Sasa mnalia nini, nyie?" bibi alifoka, naye machozi yanamtiririka.

Tulikuwa bado hapo nyasini nilipowaona wakiingia getini, wanaume sita, matope hadi magotini, na machela tupu begani. Walikuwa wametufuata kwa miguu njia nzima.

"Mmefuata nini?" Tata aliuliza.

"Gari ni chuma tu, mwalimu," mhunzi alisema, anahema. "Tukasema, likimwacha njiani, asikose watu."

Tata aliinuka nyasini. Alimwendea mhunzi, akaitwaa machela begani mwake, akaifunga juu ya gari kwa kamba kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akawapakia wote sita, wamebanana, wanacheka, akawarudisha nyumbani.

Mhunzi hayupo, na majembe sasa yanauzwa madukani. Migomba mingi ya kibanja chetu imekufa kwa mnyauko. Hospitali inafikika kwa lami, na nikiumwa wajukuu hupiga simu, gari likaja mara moja, nami nashukuru kwa moyo wote. Ila safari zote hizo huwa nageuka nikatazama nyuma, na barabarani hakuna anayekuja.