Mwanamke wa Stempu za Ulaya

Barua zilizotoka Dar es Salaam zilikuwa na stempu ya meli. Zilizotoka Ulaya zilikuwa na mwanamke. Nililigundua hilo nikiwa darasa la tatu katika shule ya misheni, enzi za Wajerumani, kwa sababu kazi yetu wasichana baada ya masomo ilikuwa kulowesha vipande vya bahasha kwenye beseni, kusubiri gundi ilainike, kisha kuzibandua stempu na kuzianika juu ya kitambaa. Sista wetu Mjerumani alizirudisha Ulaya, ambako watu walizinunua na misheni ikapata dawa. Zilizochanika alituachia sisi. Wenzangu walipenda meli. Mimi nilichukua wanawake tu.

Kusema kweli alikuwa mwanamke mmoja, katika rangi mbalimbali: kijani, nyekundu, buluu. Alivaa taji, nywele zimemwagika mabegani, na kifuani alikuwa na chuma. Mkononi alishika mpini wa upanga na tawi la majani. Mara nyingi muhuri mweusi wa posta ulimpiga usoni, kwa hiyo nilikuwa nikitafuta aliyesalimika uso. Nilimpata mmoja tu, wa zambarau, pembe moja imekatika.

Nilitamani kujua ni nani. Sikuuliza. Mimi hata kuomba moto kwa jirani lazima nijipange kwanza.

Nilimwonyesha bibi yangu, mama yake mama, niliyekuwa nikiishi naye milimani juu ya Mlali. Aliisogeza stempu karibu na jicho.

"Mbona kifua chake kama sufuria?"

"Ni chuma, bibi."

"Ananyonyeshaje?"

"Huyo hanyonyeshi," babu alisema kutoka mlangoni. "Huyo anatisha watu."

Bibi hakucheka. Aliniuliza kama mfalme wa Wajerumani naye huwekwa kwenye stempu za kwao. Nikasema mimi sijamwona hata mara moja.

"Basi nchi ni ya huyu mama," alisema. "Mfalme ni kaka yake tu, anamsemea."

Kwetu Uluguru ndivyo mambo yalivyo. Ardhi ni ya ukoo wa mama. Mume huja kulima kwa mkewe, na kaka wa mke ndiye anayesimama barazani kusema. Hata mimi niliona bibi amepata jibu.

Siku hizo karani wa boma alikuwa akipita kuandika mashamba yaliyopakana na shamba la mzungu, na shamba la bibi la migomba, kando ya kijito, lilikuwa mojawapo. Tulisikia anaandika majina ya wanaume peke yao. Babu akiandikwa, siku atakapofariki wapwa zake, wana wa dada yake ambao ndio warithi wake kimila, wangekuja kuidai migomba, wakionyesha daftari la serikali, na mama yangu na mimi tungekosa pa kulima. Babu mwenyewe hakupenda.

"Mimi nilikuja hapa na jembe," alisema. "Mwambieni karani aliandike jembe."

Bibi aliitazama ile stempu ya zambarau. "Kesho kutwa tutakwenda kwa akida, na mama huyu tutakwenda naye."

Sasa ilinibidi niulize. Kama bibi amekosea, angechekwa mbele ya watu, na shamba lingekwenda. Kesho yake nilisimama penye beseni, mikono majini, hadi vidole vikakunjamana.

"Una nini leo?" Sista aliuliza. Nikasema yote kwa pumzi moja.

Alitabasamu. "Huyo si mtu, mwanangu. Hakuzaliwa na hatakufa. Ni nchi yetu. Wachoraji wakitaka kuichora nchi, wanachora mwanamke."

"Kwa nini si mwanamume?"

Alishika kitambaa cha stempu akafikiri. "Sijui," alisema. "Sijawahi kujiuliza."

Nilikusudia kumwambia bibi njiani, lakini alitembea mbele, mbiombio, na kila nilipofungua mdomo nilimwona mgongo tu. Tulifika sijasema kitu.

Karani alikuwa mtu wa pwani, amevaa kanzu safi, amekaa mezani kwa akida; akida mwenyewe, mkubwa wa serikali kwetu, alikaa kando yake. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ambayo nadhani hakuisikia. Bibi aliweka stempu juu ya daftari.

"Bwana karani, huko kwa wakubwa wako nchi ni ya nani?"

Karani aliinua stempu kwa kucha mbili, akaigeuza mbele na nyuma. "Hii umeipata wapi, bibi? Mimi ninazo za meli tupu."

"Nijibu kwanza."

"Huyu si malkia, bibi yangu. Malkia wao namjua, picha yake iko bomani. Huyu ni pambo."

"Ni askari aliyesahau ndevu!" alisema mtu mmoja, na baraza zima likacheka.

Bibi alinigeukia.

"Si pambo," nilisema. "Sista amesema ndiyo nchi yenyewe. Wakichora nchi yao, wanachora mwanamke."

Kicheko kikakatika. Bibi akapiga kofi moja. "Kumbe ni zaidi ya malkia! Malkia atakufa, nchi inabaki. Haya, andika."

Karani alichovya kalamu, akaandika, akapuliza wino. "Tayari, bibi." Stempu akaiingiza mfukoni mwa kanzu.

"Nisomee," bibi aliniambia.

Niliinama juu ya meza. Lilikuwepo jina la babu, peke yake.

"Ni babu," nilisema, lakini hakuna aliyesikia. Nikarudia kwa nguvu. "Umemwandika babu."

"We mtoto unajua kusoma?"

"Ndiyo, bwana."

Karani alimtazama akida, akida akatazama miguu yake. Kalamu ikapita juu ya jina la babu, ikalikata.

"Mimi," bibi alisema. "Chini yangu binti yangu. Chini yake huyu anayesoma."

Karani aliandika majina matatu, kisha akanisukumia daftari bila kuambiwa. Stempu yangu hakuirudisha, nami sikuidai. Niliyasoma majina yetu herufi kwa herufi, kidole juu ya karatasi, tangu la kwanza hadi la mwisho. Hakuna aliyeniharakisha.