Neno Analo, Kipande Hana

Edmund Kalinga alizaliwa Ilula, katika nyumba ya wakulima Wakatoliki, na tangu ujana wake watu walimsifu kwa jambo moja: ukimwachia mzigo wako, utaukuta pale pale ulipouweka. Ndiyo maana barabara ya kwenda Mbeya ilipoanza kutiwa lami, na kampuni moja ikafungua machimbo ya kokoto chini ya milima karibu na Chimala, nyapara Jailos hakuhangaika kutafuta mlinzi wa lango. Ndani ya ua ule mlikuwa na ghala la baruti za kupasulia miamba, na lango lilitaka mtu asiyeyumba.

Mwanzoni kazi ilikuwa nyepesi. Kila kibarua alikuwa na kipande, kisahani cha shaba chenye namba, kimetobolewa na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Anakionyesha, anapita. Lakini mvua zilipoanza kukolea, mgeni mmoja alipita na kipande cha kibarua aliyekuwa amelala hoi kwa homa, akatoka na baruti ndani ya mfuko wa unga. Edmund alikuwa amekitazama kipande, uso hakuutazama.

Jailos hakumfukuza. Alimwita pembeni, akampa utaratibu mpya.

"Kipande huibwa," alisema. "Na neno nalo husikika likadakwa. Kuanzia sasa mtu aje na vyote viwili: kipande chake, na neno nitakalowapa asubuhi wakiwa mstarini. Akipungukiwa na kimoja, msimamishe nje, funga lango, uje uniite. Nitamtambua mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee."

Aliona aibu sana kwa kosa lile, na aibu ikamfanya mkali. Wenzake wakaanza kumsema. Aliyemsema zaidi ya wote, tena bila kificho, alikuwa rafiki yake Shija.

Shija alikuwa Msukuma, mtoto wa mzee Ndalahwa aliyeshusha ng'ombe wake kutoka Shinyanga hadi mbuga za Usangu akitafuta malisho. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na mkono wake haukuchoka kupiga nyundo. Yeye na Edmund walilala chumba kimoja kambini. Kila alipokwenda kwao alirudi na kibuyu cha maziwa ya mgando, wakanywa wote wawili. Asubuhi Edmund alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kwa matamshi ya kuchekesha, naye Shija akajibu kwa Kihehe cha kwao Edmund, "Kamwene," vibaya vile vile.

Asubuhi moja, wakiwa mstarini langoni, Shija alitaja neno, akainua kipande chake, kisha akawageukia wenzake.

"Jamani, huyu Kalinga akifika mbinguni, atamuuliza hata Mtakatifu Petro kipande chake kiko wapi!"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Hata Jailos alitabasamu. Edmund hakucheka. Lilikuwa neno dogo, la utani, lakini lilimkaa kifuani.

Mchana vibarua walitoka kwenda kula kwenye vibanda vya akina mama, ng'ambo ya kijito. Wakiwa huko mvua ikashuka, mvua ya mlimani isiyo na salamu. Wengi walirudi wakikimbia, wakaonyesha vipande, wakataja neno, wakaingia. Shija alikuja wa mwisho, amelowa chapachapa, mkono shingoni.

"Mtama," alisema. Ndilo lililokuwa neno la siku ile.

"Kipande?"

"Kamba imekatika, ndugu yangu. Nadhani ni pale kwenye kijito niliporuka mawe. Fungua, zamu inaanza."

"Neno unalo, kipande huna."

Shija alicheka, akidhani anarudishiwa utani wake wa asubuhi. Alipoona lango halifunguki, akaacha.

"Edmund. Si mimi huyu?"

"Mimi nakujua. Lango halikujui."

Ofisi ya Jailos ilikuwa upande wa pili wa ua, nyuma ya ghala. Edmund angeweza kufunga lango, akajifunika gunia, akaenda kumwita. Alilifikiria hilo. Akaitazama mvua, akakumbuka kicheko cha mstarini, akaona si vibaya Shija naye akionja kidogo. Anyeshewe, ajue kwamba lango si mahali pa mzaha.

"Basi ngoja nikakitafute," Shija alisema bila hasira, akageuka na kushuka bondeni.

Kijito kilikuwa si kijito tena. Maji ya mlima yalikuwa yamekwisha kufika, mekundu, yakibeba magogo. Mama mmoja wa vibandani alimwona Shija ameinama ukingoni, akipapasa kati ya mawe, akampigia kelele atoke. Ngurumo ya maji ilimeza sauti yake. Alipotazama tena, hakumwona mtu.

Walimpata kesho yake, mbali chini, kwenye matete.

Hakuna aliyemlaumu Edmund waziwazi. Utaratibu ni utaratibu, walisema, na maji hayana adabu. Jailos alimuuliza swali moja tu.

"Kwa nini hukuja kuniita?"

"Mvua, mzee."

Jailos akainamisha kichwa. "Ningekuja," alisema. "Hata na mvua, ningekuja."

Edmund aliifuata maiti hadi Usangu. Baada ya mazishi aliketi mbele ya mzee Ndalahwa akamweleza yote, pamoja na ule utani na ile hasira yake. Mzee alisikiliza akichora ardhi kwa fimbo.

"Neno alilitaja?"

"Alilitaja, baba."

"Halikuwa na kosa?"

"Halikuwa na kosa."

Mzee akaiweka fimbo chini. Kisha akasema, "Alituambia atakuja nawe baada ya mavuno. Mama yake alikwisha kukuwekea kibuyu chako." Akaagiza maziwa yaletwe. Edmund aliyapokea kwa mikono miwili, akashindwa kuyameza, akaona aibu kuyarudisha. Alikaa nayo hadi jua likapinda.

Aliacha machimbo mwezi ule ule. Miaka iliyofuata alihamia Mbeya na mkewe Verediana, wakapanga nyumba Ilomba, akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala la mbegu. Huko alijulikana kwa tabia nyingine. Mtu akija bila cheti, hakumfungulia, lakini pia hakumwacha aondoke. Alimpa kiti chake, akamsihi angoje, akaenda mwenyewe kumtafuta wa kumtambua, jua liwake au mvua inyeshe. Meneja alimkaripia mara nyingi kwamba anawasumbua wakubwa kwa mambo ya wauza magunia.

"Angalau hawa unawatendea haki," Verediana, aliyekuwa anajua habari za Shija, alimwambia jioni moja, akimwona amerudi amelowa.

Edmund alivua viatu, akavikung'uta maji.

"Hawa wangeweza kurudi kesho, mama," alisema. "Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anazama."