Seva Iliyovishwa Nguo Ekerenyo

Damaris Omosa hununua kompyuta kuukuu za ofisi minadani na kuzigeuza kuwa seva za nyumbani. Duka lake liko Keumbu, kando ya barabara, kati ya muuza mbolea na kinyozi. Watu wa hapo wanasema anauza masanduku ya kelele. Yeye hawapingi. Anayenunua ng'ombe, asema Damaris, haulizi kama analia, huuliza kama anatoa maziwa.

Kazi moja yeye haifanyi baada ya chakula cha mchana: kuflashi kadi. Kila seva ina kadi inayosimama kati ya mashine na diski, na ndani ya kadi kuna programu ndogo inayoiambia kadi yenyewe ni nani na kazi yake ni ipi. Kuflashi ni kufuta programu hiyo na kuandika nyingine. Stima ikipotea katikati, kadi hubaki kipande cha plastiki mpaka anayejua aiandike upya. Na Gusii nzima, mawingu ya mchana yakikusanyika, stima hukimbia kabla ya kuku.

Haron Nyamongo wa Ekerenyo alinunua seva kwake. Haron hupiga video za harusi na mazishi. Kila akitoka kazini, humimina picha zote kwenye seva, kisha hufuta kamera aanze upya. Kwa hiyo nusu ya marehemu wa Ekerenyo, na karibu maharusi wote, walikuwa wanaishi ndani ya sanduku moja sebuleni kwa mama yake. Nakala nyingine haikuwapo. Damaris alishamwambia anunue diski ya akiba. Haron alisema atafikiria, na bado alikuwa anafikiria.

Kisha diski zikaanza kupotea. Mashine inawaka vizuri, video inacheza, halafu ghafla diski zote hazionekani. Ukizima, ukaiacha ipumzike, zinarudi. Haron alipiga simu. Damaris alikuwa katikati ya kumshusha mtu bei, akajibu haraka, "Programu ya kadi imezeeka hiyo. Nitakuja asubuhi."

Haron hakungoja asubuhi. Alimwita Lewis, mtoto wa shangazi yake, aliyesomea kompyuta chuoni na hana woga. Lewis aliiflashi kadi mchana.

"Dada Damaris," Haron alisema kwenye simu kesho yake, "kadi imekufa."

"Nani ameiua?"

"Stima."

"Hiyo stima ilikuwa imeshikwa na nani?"

Haron alikohoa. "Lewis."

"Mwambie aondoe mikono. Nakuja."

Alikuta seva iko mezani, tumbo wazi. Lewis alikuwa ameazima kadi nyingine Kisii mjini, ameichomeka, na sasa alikuwa ameinamia skrini, kidole kikielea juu ya kibodi.

"Inasema hizi diski ni ngeni," Lewis alisema. "Inataka kuzitayarisha."

"Na wewe umesemaje?"

"Nilikuwa nataka kukubali."

"Kuzitayarisha ni kuzifuta, Lewis. Ni kama mgeni akwambie atakutayarishia shamba, urudi ukute ameng'oa chai yote."

Lewis alirudisha kidole chake mfukoni. Haron, aliyekuwa mlangoni, alishikilia fremu ya mlango.

"Sasa sikilizeni," Damaris alisema. "Kilichokufa ni kadi. Diski hazijaguswa. Marehemu wako salama, ila hawana mlango."

Akazima mashine, akaondoa ile kadi ya kuazima, akairudisha iliyokufa. Stima ya nyumba hakuitumia. Alivuta waya kutoka kwenye betri ya gari lake hadi kwenye inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumba, na kutoka inveta hadi kwenye seva. Jua lilikuwa bado kali, lakini yeye haamini jua la Nyamira. Akachomoa nyaya za diski zote ili lolote litakaloharibika liharibike peke yake, akaiwasha mashine kutoka kwenye flashi yake mwenyewe ya USB, akafuta kadi, akaandika programu upya.

Palibaki namba. Kila kadi huzaliwa na namba yake, imebandikwa mgongoni kwa stika, na ukifuta programu namba nayo hufutika. Bila namba, kadi haifanyi kazi.

"Nisomee," alimwambia Lewis. "Polepole."

"Tano, sifuri, sifuri, sita, sifuri, tano, B."

"B kama nani?"

"B kama Bosire."

"Bosire gani? Yule wa mbao alirudisha mashine yangu ikiwa na mende. Endelea."

Walipomaliza, Damaris alirudisha nyaya, akawasha. Diski zikajitokeza kwenye skrini moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Haron aliketi. Hakuwa amekaa tangu Damaris aingie.

Mashine ikafungwa, ikarudishwa mahali pake kando ya televisheni. Mama yake Haron, ambaye nyumba nzima humwita Mong'ina, alileta chai. Kabla ya kumimina, alichukua kitambaa cheupe cha kufuma kutoka kwenye mkono wa kiti, akakikung'uta, akaivisha seva kuanzia juu hadi miguuni, nyuma na mbele. Televisheni ilikuwa na chake. Redio ilikuwa na chake. Hata thermosi ilivaa.

Haron akafungua video ya harusi ya Jemimah, binti wa jirani, kuhakikisha. Ilicheza vizuri. Maharusi waliingia, kwaya ikaimba, mchungaji akahubiri urefu wake wote. Bwana harusi alipoinua kisu cha keki, picha ikaganda. Diski zote zilikuwa zimepotea.

"Umeturudishia ugonjwa uleule," Haron alisema.

Lewis akanyanyuka. "Tuiflashi tena, na toleo lingine."

Damaris alitazama dirishani. Mawingu yalikuwa yameanza kupanda upande wa Kisii. Akaenda kwenye seva, akainua kitambaa, akafungua ubavu, akagusa kadi. Akarudisha mkono wake upesi, akaupuliza.

"Mong'ina, mashine imevaa nguo hii tangu lini?"

"Tangu nilipomaliza kuifuma. Baada ya Pasaka."

"Na wewe Haron, diski zilianza kupotea lini?"

Haron aliangalia chai yake. "Baada ya Pasaka."

"Programu haikuwa na kosa," Damaris alisema. "Nilikudanganya kwa haraka zangu. Kadi hii ilizoea ofisi, inapulizwa na feni mchana kutwa. Hapa mmeifunika blanketi."

"Si blanketi," Mong'ina alisema. "Na kitu hakikai uchi sebuleni kwangu. Kanisa likija kuomba hapa, litaona nini?"

"Litaona mashine."

"Uchi."

Damaris aliwahi kuwashinda madalali wa Nakuru. Alijaribu kitambaa kifupi. Mong'ina alisema hajafuma kwa ajili ya kukata. Alijaribu kitambaa kikae chini ya mashine. Mong'ina aliuliza kama yeye huvaa kofia miguuni. Lewis alicheka, akatazamwa, akaacha.

"Basi ihamie chumbani kwa Haron," Damaris alisema.

"Na hapa pabaki shimo? Wageni wamezoea kuona kazi ya mwanangu."

Damaris alifikiri kidogo, akatoka hadi garini. Alirudi na kasha la seva lililokuwa tupu kabisa, lisilo na hata skrubu ndani, ambalo limezunguka naye mwaka mzima bila mteja. Akaliweka kando ya televisheni.

Mong'ina alilizunguka, akaligonga kwa kidole. "Hili ni kubwa zaidi."

"Ni la bei zaidi, Mong'ina. Lakini nitakuachia, Haron akinunua ile diski ya akiba leo."

"Atanunua," Mong'ina alisema. Haron hakuulizwa.

Seva ilihamia chumbani, ikaunganishwa tena na betri ya gari, ikawekewa feni ndogo iliyoelekezwa kwenye kadi. Waliwasha harusi tena. Keki ikakatwa, ikaliwa, hotuba zikafuata. Mvua ilipiga mabati, stima ikapotea, betri ya gari ikaendelea. Mong'ina alisimama mlangoni akionyesha waliokula mara mbili. Video ilifika mwisho, na nyingine, na nyingine, na usiku huo, stima iliporudi, Haron aliziacha zijinakili zote kwenye diski ya akiba aliyoinunua.

Juma lililofuata Damaris alipita kuangalia. Kasha tupu lilikuwa limevaa, na juu ya nguo pamewekwa maua ya plastiki.

"Hii ya sasa ni nzuri kuliko ile," Mong'ina alimwambia. "Haina kelele, wala haipati joto."

"Ndiyo, Mong'ina," Damaris alisema. "Hiyo haitakusumbua."