Swali la Faraja Kuhusu Seli

Mwanangu, kuna siku moja ningetamani niisahau, lakini naikumbuka mpaka baridi yake. Nilikuwa kijana, mwalimu mgeni wa baiolojia katika sekondari moja ya Makambako, na nilijiona nimeimaliza elimu yote.

Nilikuwa nafundisha kwamba seli ikishakuwa ya ngozi imefika, hairudi nyuma. Faraja, binti wa kijiji cha Mdandu, akanyoosha mkono. Kwao waligema ulanzi, ile pombe ya mwanzi, na alijua kuwa utomvu mtamu hutoka kwenye chipukizi la mwanzi, si kwenye shina lililokomaa.

“Samahani mwalimu, seli changa si zina namna yake ya kula sukari? Sasa iliyokomaa ikianza kula kama changa, haiwezi kurudi kuwa changa?”

Badala ya kusema sijui, nikacheka. “Faraja, huo ni ulanzi wa kwenu unaongea. Umeona wapi kuku akarudi kuwa yai?”

Darasa zima likaangua kicheko. Jina la Ulanzi likamganda, na muhula uliofuata akahamia masomo ya sanaa. Sikumwuliza kwa nini. Nilijua.

Juzi juzi, nimeshastaafu hapa Njombe, mpwa wangu anayesomea udaktari akanieleza kuwa siku hizi seli ya ngozi hurudishwa kuwa seli shina, ambayo yaweza kuwa ya moyo au ya neva. Chakula peke yake hakitoshi. Ni lazima vinasaba fulani viamshwe. Lakini kabla haijageuka, seli hubadili kwanza namna ya kuvunja sukari: hupunguza njia ya taratibu inayotegemea oksijeni, hushika ile ya haraka isiyoihitaji. Ikizuiwa hapo, safari ya kurudi hukwama. Chai ilinipolea mkononi, mwanangu.

Kesho yake nikapanda basi hadi Mdandu. Nikamkuta Faraja akipalilia viazi, mjukuu mgongoni. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alinisikiliza huku akiondoa udongo kwenye jembe.

“Swali nilishalisahau, mwalimu,” akasema. “Kicheko ndicho sijakisahau.”

Kisha akanikaribisha ugali. Nikala.

Sasa wewe Jumatatu unaanza kufundisha. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha liandike swali ubaoni pamoja na jina la aliyeuliza. Usicheke hata kidogo. Mungu akupe wanafunzi wanaokuzidi akili, na akupe moyo wa kuwafurahia. Mimi alinipa mmoja.