Kidaraja cha Mwalimu wa Ushonaji

Nilikuwa fundi wa kuchomelea Kaloleni, miaka ile watu binafsi walipoanza kuagiza magari na Hiace kutoka Japani zikawa zinaongezeka mjini. Riziki yangu ilikuwa mageti na grili za madirisha.

Asubuhi moja alikuja mwalimu wa ushonaji wa Maji ya Chai, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Miguu yake ilipooza tangu utotoni. Aliongozana na mwenye Hiace aliyokuwa akiipanda kila siku.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Nimechoka kubebwa. Konda ananikumbatia kama gunia, kiti changu kinatupwa juu ya keria. Nataka nipande mwenyewe."

Mwenye gari alikuwa ameshakubali kung'oa siti moja. Nikapima kimo cha mlango, nikakata bati nene la kidaraja cha kupandia, nikalitia bawaba. Mchana nikatangaza kazi imekwisha. Mwalimu alilitazama, kisha akajihamishia kwenye benchi langu kwa nguvu za mikono.

"Kaa wewe," akasema, akinionyesha kiti chake.

Nikakaa, nikasukuma magurudumu. Katikati nguvu zikaniishia. Nikarudi kinyumenyume mpaka nikagonga pipa la maji. Mafundi wenzangu walicheka wakashika mbavu. Mwalimu hakucheka. "Umeona mlima ulionijengea?"

Niliona aibu, lakini usiku huo nililala nikitamani kuche. Kesho yake nilitengeneza kingine, kirefu mara mbili, cha kukunja, chenye kingo pembeni, na nikachomelea nondo nyembamba juu yake kisiteleze wakati wa mvua. Mwalimu akiwa benchini, nikajipandisha mwenyewe kwa kiti chake mara tatu ndipo nikamwita.

Alipanda taratibu, akapumzika katikati, akaendelea. Konda, kwa mazoea, akanyoosha mikono kumdaka. Mwalimu akampa mkoba wake. "Nishikie huu tu."

Nilisafiri nao hadi Usa River nikikagua nati. Mwalimu alikaa dirishani, akiniuliza shamba lile la maua ni la nani, na nyumba ile ilijengwa lini.

Baada ya wiki chache mwenye gari alirudi na Hiace yake ya pili. Wazee wenye magoti mabovu, alisema, nao walikuwa wanakigombea kidaraja. Nilipomaliza hicho kingine, nilimwomba mwalimu aje akikague kabla sijakipaka rangi.