Matanga ya Mpiga Kinanda

Kaka yangu Habakuki alichapwa viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, kwa ajili ya mtu aliyefia Ulaya, mtu ambaye hakupata kumwona hata siku moja. Hapa Korogwe habari hiyo imekuwa kichekesho. Mwinjuma mpishi huisimulia kwa mikono na miguu, na wanaomsikiliza hushika mbavu. Mimi nilikuwapo, na sicheki. Nitaisema ilivyokuwa.

Sisi ni watu wa Kwashemshi. Baba yetu, mzee Semboja, alikuwa mpiga ngoma, na baba yake vilevile. Katika ukoo wetu fundi wa ngoma akifa, ngoma yake hufungwa kaniki na kugeuzwa uso ukutani, isilie mpaka siku arobaini zitimie. Siku ya arobaini ndipo matanga huanuliwa: ngoma inafunguliwa, inapigwa mara moja tu, marehemu anapumzika na walio hai wanarudi mashambani. Ikilia kabla ya siku zake ni sawasawa na kumfukua mtu kaburini. Baba alipokufa, Habakuki ndiye aliyeilinda ile ngoma watoto wasiiguse. Baadaye tulibatizwa sote wawili, mimi nikajifunza kusoma misheni, lakini kaka jambo hilo hakuliacha.

Reli ilipofika bondeni tulishuka kutafuta kazi. Habakuki akapata uboi kwa Mdachi mmoja mwenye shamba la mkonge, watu wakimwita Bwana Tumbaku kwa jinsi kiko kilivyokuwa hakimtoki mdomoni. Mimi nilipojifungua, na mume wangu Mhina akiwa mbali kwenye reli ya kwenda Moshi, bibi wa nyumba ile alinichukua niwe mpiga pasi. Nilifanya kazi baraza ya nyuma, mtoto wangu Agripina mgongoni, dirisha la sebule likiwa wazi mbele yangu. Kwa hiyo yote yaliyopita sebuleni niliyaona na kuyasikia.

Pale sebuleni palikuwa na santuri, sanduku lenye bomba lililofunguka kama ua la boga. Kazi ya Habakuki ilikuwa kupangusa sahani, kubadilisha sindano, na kuzungusha mpini wa chuma ubavuni mpaka sanduku lishibe nguvu. Sahani zilikuwa nyingi: tarumbeta za askari, waimbaji wanawake waliolia kama wamechomwa na pasi. Lakini saba kati yake zilikuwa za mtu mmoja, mpiga kinanda aitwaye Lindorfu. Jina hilo mimi ndiye niliyemsomea kaka kwenye karatasi ya katikati ya sahani.

Mwanzoni hakumpenda. Alisema ni kama mvua ya mawe inayoangukia bati. Baada ya miezi miwili hivi nikamwona amesimama na kitambaa mkononi, sahani imekwisha kitambo, sindano inakwaruza, naye hana habari.

"Kaka, unaharibu sindano."

"Ngoja kwanza, Lea. Huyu mtu ni wawili. Mkono wa kushoto ndio ngoma, wenyewe hauna haraka. Wa kulia ni watoto wanaocheza uani. Sasa niambie, mtu mmoja atakuwaje mama na watoto?"

Tangu hapo ikawa kila siku ana jipya. Alinipigia vidole kwenye meza yangu ya pasi kunionyesha pale Lindorfu anapopunguza mwendo ukadhani amechoka, kumbe anakuvuta uje karibu akunong'oneze. Alinionyesha kituo kimoja kidogo katika sahani ya tatu, kimya kisichozidi pumzi moja. "Hapa anangoja," alisema. "Mpigaji mbaya hawezi kungoja, ataogopa watu watasema amesahau. Baba angesimama pale na kumtunza." Alimwita Fundi. Neno hilo Habakuki halitoi ovyo.

Mwinjuma alikuwa akimtania kutoka jikoni. "Mgosi! Huyo Mdachi wako leo ana vidole vingapi?"

"Kumi, kama wewe. Ila vya kwako vinajua kuiba sukari tu."

"Sukari inaingia tumboni. Kinanda kinaingia wapi?"

Na mwenye santuri je? Bwana Tumbaku aliongea muda wote muziki ukilia. Aliongea mkonge, aliongea mvua, alipiga chafya, akagonga kiko chake mezani pale pale Fundi anapongoja. Siku moja alimgeukia Habakuki mbele ya mgeni akasema, "Wewe unasikia makelele tu, siyo?" Kaka akajibu, "Ndiyo, bwana." Nilikuwa napasi shati la huyo bwana. Niliibana kola yake kwa pasi mpaka ikanuka.

Basi, mwezi ule wa kiangazi gari la moshi lilileta magazeti ya Ulaya. Bibi alisoma barazani, akatoa leso, akalia. Habakuki alipomletea kahawa alimwambia, "Lindorfu amekufa. Yule wa kinanda. Miezi miwili sasa."

Kaka aliweka sinia chini taratibu. "Pole, bibi," akasema. Kisha akaja kwangu. "Msiba huanza siku unapoufikia," aliniambia. "Ulaya wana hesabu yao. Hapa ni leo."

Kesho yake alinunua kaniki. Akazifunga zile sahani saba, akaziegemeza uso ukutani nyuma ya santuri. Bibi aliingia akamkuta, akauliza, na Habakuki akamweleza yote: baba yetu, ngoma, siku arobaini. Mimi nilikuwa dirishani. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaigusa ile kaniki kwa kidole, akasema, "Ni vizuri, Habakuki. Ni vizuri sana." Maneno hayo naomba yakumbukwe, maana yeye aliyasahau.

Siku ya ishirini na moja ilikuwa Jumapili, wakaja wageni wanne kutoka mashamba ya upande wa Handeni kula chakula cha mchana. Wakiwa bado wanafungua vifungo vya makoti, Bwana Tumbaku aliwaahidi kinanda cha Lindorfu baada ya nyama. Habakuki alisikia. Akatoka baraza ya nyuma, akanipa kitu kizito kilichofungwa kitambaa.

"Kifunge pamoja na mtoto."

"Ni nini?"

"Usiulize, mdogo wangu. Funga."

Nilikishika nikajua. Ulikuwa mpini wa santuri. Nikaufunga ndani ya mbeleko, kati ya mgongo wangu na tumbo la Agripina.

Nyama ikaliwa. Bwana akaita muziki. Habakuki akasimama wima karibu na ukuta, kanzu yake nyeupe imenyooka, akasema, "Bwana, nitakupigia tarumbeta, nitakupigia waimbaji. Huyu yuko matangani. Zimebaki siku kumi na tisa. Zikiisha, nitakupigia mpaka uchoke."

Wageni walicheka. Mmoja alicheka hadi divai ikampalia. Bwana naye alianza kucheka, kisha akawaona wageni wanavyomtazama, akaacha.

"Fungua!"

"Siwezi, bwana."

Nilimtazama bibi. Neno moja tu lingetosha: kwamba alijua, kwamba aliruhusu, kwamba ni vizuri sana. Bibi aliutazama uma wake kana kwamba umeandikwa kitu.

Bwana aliichana kaniki kwa mikono yake mwenyewe. Akaweka sahani, akapapasa ubavu wa sanduku kutafuta mpini, hakuuona. Alipoinua uso ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Hakusema tena habari ya muziki. Alisema wizi.

Asubuhi tuliitwa sote mbele ya ghala. Nyapara Mbwana ndiye aliyeshika kiboko, na kaka alilazwa juu ya pipa. Kila baada ya vitano Bwana aliuliza, "Mpini uko wapi?" Kila baada ya vitano Habakuki alinyamaza. Nami nilisimama hatua kumi kutoka pale, mpini mgongoni mwangu, chuma kimeshapata joto la mwanangu. Nilifungua mdomo kwenye cha kumi na tano. Kaka aliinua kichwa akanitazama, jicho moja tu, jicho la kaka mkubwa anapokukataza kuvuka mto. Nikafunga mdomo. Mpaka leo sijui kama nilimtii au niliogopa, na hilo nalo linanichoma.

Viboko vilipokwisha alifukuzwa, akaambiwa akionekana tena ndani ya ua atachapwa vingine. Bwana aliandika Tanga kuagiza mpini. Tanga wakajibu hakuna, mpaka meli ije. Basi Fundi alibaki kimya kama alivyostahili.

Nilimkanda mgongo kwa maji ya chumvi kwenye kibanda chetu karibu na mto. Hakulalamikia mgongo. Alisema jambo moja tu: "Siku ya arobaini ni Ijumaa. Sahani ipigwe mara moja, Lea. Nitasimama nje ya ua, kwenye mkonge. Nisiposikia matanga yakianuliwa, nitakuwa nimemfungia mtu mlango."

Ijumaa nikachagua saa tisa, kwa kuwa saa hiyo Bwana huwa yuko kwenye mashine ya mkonge. Niliingia sebuleni kwa mlango wa mbele, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya. Bibi alikuwa anashona. Nikafungua mbeleko, nikamlaza Agripina kwenye kiti chao chenye mto, nikauweka mpini mezani.

Bibi aliutazama. "Ulikuwa nao wewe? Siku zote?"

"Nilikuwa nao. Na wewe, bibi, ulikuwa na mdomo."

Nilidhani ataita watu. Hakuita. Aliinuka, akatafuta mwenyewe sahani ya tatu, akaipangusa kwa sketi yake. Mimi nikazungusha mpini, nikafungua madirisha yote mpaka mwisho. Lindorfu akapiga. Pale anapongoja, alingoja, na hapakuwa na kiko cha kugongwa. Bibi alilia. Leso yangu ilikuwa kiunoni, na sikumpa.

Sahani ilipokwisha alitaka kuirudia. "Matanga huanuliwa mara moja," nikamwambia. Nikamchukua mwanangu, nikatoka, wala sikurudi tena kwenye kazi ile.

Nilimkuta Habakuki kwenye mkonge, kofia mkononi. Nikamwuliza kwa mbali, "Umesikia?"

Akanionyesha kwa kidevu upande wa mashine. Ilikuwa inanguruma, inasaga majani, ardhi yote inatetemeka. Hata sauti yangu aliipata kwa shida. Saa ambayo Bwana hayupo nyumbani ndiyo saa ambayo mashine inalia. Ningeweza kungoja mashine isimamishwe mkanda ukibadilishwa, ningeweza kufikiri. Sikufikiri. Viboko ishirini na tano, siku arobaini, na mimi nikachagua saa tisa.

"Niliona madirisha yanafunguliwa," alisema. "Nikavua kofia."

"Kaka, matanga hayajaanuliwa!"

"Yameanuliwa. Sahani umeisikia wewe, na wewe ni mtoto wa Semboja." Alikaa chini polepole, mgongo haujamruhusu kuegemea kitu. "Sasa nieleze."

"Mimi sijui kueleza kinanda! Mimi nilikuwa napiga pasi tu!"

"Ulikuwa unasikia. Nieleze, Lea."

Nikaanza. Nilisema alianza pole, kisha akapanda, kisha… Habakuki akatikisa kichwa.

"Unakimbia. Rudi mwanzo. Mkono upi ulitangulia?"

Nikakaa kando yake, nikamtoa Agripina mgongoni nimnyonyeshe, nikaanza upya, kwa sauti ya hasira, kwa kuwa sauti nyingine sikuwa nayo.